Kabla ya kununua viti na vioo: Hesabu inayomsubiri kijana anayefungua saluni

SALUNI ni mojawapo ya biashara chache ambazo kijana anaweza kuanzisha bila ya kumbembeleza mtu ampe kazi. Nywele hukua kila siku, misuko hulegea baada ya wiki chache, na ni vigumu kupata mtaa humu nchini, uwe wa mabwanyenye au wa mabanda, usiokuwa na mlango mmoja au miwili iliyochorwa picha ya mwanamke aliyesukwa.

Ndiyo maana biashara hii huwavutia vijana wengi wanaotoka shuleni na vyuoni wakiwa na vyeti mkononi lakini bila ajira.

Hata hivyo, mlango huohuo uliofunguliwa kwa mbwembwe, muziki na soda za bure, si ajabu ukapatikana umefungwa kabla ya mwaka kuisha. Viti huuzwa kwa bei ya kutupa, vioo hupelekwa nyumbani na kuegemezwa ukutani, na deni hubaki.

Deni hilo mara nyingi si la kijana peke yake. Mtaji wa kwanza unaweza kuwa akiba ya mama katika chama, mkopo ambao kaka alichukua kwenye sacco, au fedha za ng'ombe aliyeuzwa kijijini. Saluni inapofungwa, jamaa nzima huumia, na kijana hupoteza pia imani ya watu waliomwamini.

Anayeanguka hivyo huenda akawa msusi hodari. Kilichomwangusha ni hesabu ambayo angeifanya kwa kalamu na karatasi kabla ya kununua kiti cha kwanza, lakini hakuifanya.

Ujuzi ndio mtaji wa kwanza

Wapo wanaoamini kwamba mwenye saluni si lazima ajue kusuka, mradi awe na fedha za kuwaajiri wanaojua. Huenda hilo likawa kweli kwa tajiri mwenye saluni tano. Kwa kijana anayeanza na chumba kimoja, hilo ni kosa ambalo litamgharimu, kama itakavyobainika hapa chini.

Kozi za ususi na urembo hutolewa katika vyuo vya kibinafsi na pia katika taasisi za umma za mafunzo ya kiufundi. Kabla ya kulipa karo, kijana au mzazi anapaswa kuthibitisha kwamba chuo kimesajiliwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi (TVETA), iliyobuniwa chini ya sheria ya mwaka wa 2013.

Hali kadhalika, kuna mitihani ya ufundi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Mitihani hiyo ina gredi tatu, kuanzia ya III hadi ya I. Uzuri wake ni kwamba hata aliyejifunzia kazi kwa shangazi yake kibarazani, bila ya kuingia chuoni, anaweza kuifanya na kupata cheti kinachotambulika.

Lakini cheti pekee hakitoshi. Mwenye nia ya kufungua saluni yake angefanya vyema kuajiriwa kwanza katika saluni ya mtu mwingine kwa miezi sita au mwaka mmoja.

Humo ndimo atakamojua mambo yasiyofunzwa darasani: jinsi ya kumtuliza mteja aliyekasirika, bidhaa zipi huisha upesi na zipi hukaa kwenye rafu hadi zikaharibika, siku zipi huwa na wateja wengi na zipi wasusi hushinda wakipiga soga. La muhimu zaidi, ataanza kujenga jina lake. Mteja hulifuata jina la msusi kabla ya kulifuata jina lililoandikwa juu ya mlango.

Mahali panapofaa

Soko la Kenyatta, lililo karibu na barabara ya Mbagathi jijini Nairobi, ni funzo kwa kila anayetafuta mahali pa kufungulia saluni. Wateja hutoka mitaa ya mbali na kuzipita saluni kadhaa njiani ili wafike huko.

Sababu ni kwamba wasusi ni wengi, bei hujadiliwa, na kichwa kimoja huweza kushughulikiwa na wasusi watatu au wanne kwa pamoja. Misuko ambayo ingemchukua mtu mmoja siku nzima humalizika kwa saa chache.

Hapa kuna mafunzo mawili. Kwanza, mteja hanunui misuko tu. Hununua pia muda. Pili, kijana mwenye viti viwili hawezi kushindana na soko kama hilo kwa bei wala kwa kasi. Inambidi atafute wateja ambao hawana nafasi ya kusafiri: wanafunzi wanaoishi karibu na chuo, wauguzi wanaotoka zamu, akina mama wenye watoto wadogo mtaani.

Njia ya kuwapata haihitaji mtaalamu. Kabla ya kulipa kodi, kijana na aketi karibu na jengo analolitaka kwa siku tatu, tuseme Jumanne, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Awahesabu wanawake wanaopita. Atazame nywele zao: wangapi wamesukwa, wangapi wamevaa wigi, wangapi wana nywele asilia. Kisha aingie katika saluni zilizo karibu kama mteja na kuuliza bei.

Katika miji ya Pwani kama vile Mombasa, Malindi na Lamu, kuna jambo jingine la kuzingatia. Wateja wengi Waislamu huhitaji faragha: pazia zito, mlango usioonyesha ndani na wahudumu wanawake watupu. Huko, kupaka hina na kumpamba bibi harusi ni kazi yenye pato lake, hasa Idi inapokaribia na katika misimu ya harusi. Asiyejua hilo atafungua saluni yenye kioo kipana mbele, kisha ashangae mbona haingii mtu.

Aidha, chumba kikaguliwe maji na umeme. Saluni isiyo na maji hununua mitungi, na kila mtungi hupunguza faida. Kuhusu umeme, draya ya kichwa ya wati 1,000 hutumia yuniti moja kwa saa moja. Ile ya mkono ya wati 2,000 hutumia kiasi hicho kwa nusu saa tu. Bei ya yuniti hubadilika mara kwa mara kutokana na gharama ya mafuta na thamani ya shilingi, hivyo anayepanga bei zake aache nafasi kidogo.

Mkataba wa chumba

Vyumba vizuri mara nyingi huja na mzigo wa "gudwili", yaani fedha ambazo mpangaji anayeondoka, au wakati mwingine mwenye jengo, hudai ili chumba kiachiliwe. Fedha hizo hazirudishwi. Zikilipwa bila stakabadhi, anayezilipa hana pa kushtaki akija kuambiwa kwamba chumba kilikwishachukuliwa na mwingine.

Wengi wa wanabiashara chipukizi hawajui kwamba kuna sheria inayowalinda. Sheria ya Wenye Majengo na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura 301, inahusu pia majengo ambamo huduma hutolewa kwa malipo, na saluni imo.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mpangaji ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano, hulindwa. Mwenye jengo hawezi kumwondoa wala kumpandishia kodi kwa neno la mdomo tu. Ni sharti atoe ilani ya maandishi, kwa mtindo uliowekwa na sheria, isiyopungua miezi miwili.

Mpangaji asiyekubaliana na ilani hiyo anapaswa kujibu kwa maandishi katika muda wa mwezi mmoja, na kuwasilisha kesi yake mbele ya jopo la kuamua mizozo ya kodi za majengo ya biashara kabla ya ilani kuanza kutekelezwa. Akinyamaza, ilani itatekelezwa. Kulalamikia majirani hakutamsaidia.

Mantiki ya sheria hii ni rahisi. Mwenye saluni huchukua miezi mingi kuwazoesha wateja mahali fulani. Akifukuzwa ghafla, hupoteza chumba na wateja kwa siku moja.

Viti vingapi, akiba ngapi?

Hapa ndipo wengi hukosea. Chukulia kwamba binti wa miaka 23 ana mtaji wa Sh150,000 na amepata chumba cha kodi ya Sh12,000 kwa mwezi. Viwango vitakavyotajwa ni vya mfano tu, na kila mtu ataweka vya mtaani mwake, lakini hesabu yenyewe haibadiliki.

Mwenye jengo atataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja, jumla Sh24,000. Zinabaki Sh126,000. Kishawishi kilichopo ni kuzitumia zote kwa viti vya ngozi, vioo vya ukutani, sinki, draya, rangi, runinga na bango la taa. Siku ya ufunguzi saluni itapendeza sana. Siku ya 30, mwenye jengo atabisha hodi.

Sasa tuangalie mapato. Tuseme wateja wanne huja kila siku, na kila mmoja hulipa wastani wa Sh400. Kwa siku 26 za kazi, hao ni wateja 104 na Sh41,600. Kwa macho ya mtu aliyekuwa hana kazi, hizo ni fedha nyingi.

Lakini si zake. Msusi aliyeajiriwa kwa mgao wa asilimia 40 huchukua Sh160 katika kila Sh400. Nywele bandia, shampuu, mafuta na dawa humeza, tuseme, Sh100. Zinazobaki mikononi mwa mwenye saluni ni Sh140 kwa kila mteja, yaani Sh14,560 kwa mwezi. Kodi, umeme na maji ni Sh16,000. Mwezi unakwisha kwa hasara ya Sh1,440, na yeye mwenyewe hajala wala hajalipa nauli.

Ili aepuke hasara, anahitaji wateja 115 kwa mwezi, kabla ya kupata hata senti moja ya kuweka mfukoni.

Hali hubadilika iwapo mwenye saluni anasuka mwenyewe. Kwa kila mteja anayemhudumia kwa mikono yake, zinabaki Sh300 badala ya Sh140. Akihudumia nusu ya wateja wake na kumwachia msusi nusu nyingine, wastani ni Sh220. Wateja walewale 104 watamletea Sh22,880, na baada ya kutoa Sh16,000 atabaki na Sh6,880. Hasara imegeuka kuwa pato, na hakuna mteja hata mmoja aliyeongezeka.

Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba ujuzi ni mtaji. Mmiliki mwenye mikono yake anahitaji huduma 73 kwa mwezi ili asipate hasara. Yule anayetegemea wasusi peke yao anahitaji 115.

Funzo la pili ni kuhusu akiba. Iwapo kodi, umeme na maji ni Sh16,000 kwa mwezi, basi Sh48,000 za miezi mitatu zinapaswa kuwekwa kando kabla ya kununua chochote. Katika mfano wetu, zitabaki Sh78,000 za vifaa, rangi na leseni. Hazitatosha viti vya ngozi na runinga, lakini zitatosha viti viwili imara, kioo, draya moja nzuri na bidhaa za kuanzia. Mteja husamehe kiti cha plastiki kikiwa safi. Mlango uliofungwa hana la kuufanyia, ila kwenda kwingine.

Vifaa na nywele bandia hupatikana kwa bei ya jumla katika maduka ya vipodozi ya River Road na Dubois jijini Nairobi, na mitaa kama hiyo katika miji mingine mikubwa. Draya iliyotumika huwa rahisi, lakini na iwashwe dukani kwa dakika kumi kabla ya kulipiwa.

Kuishi na wasusi

Mfumo wa mgao unapendwa kwa sababu mwenye saluni hamlipi msusi siku ambayo hakuna kazi. Hata hivyo, una matatizo yake. Msusi hujihesabu kuwa mfanyabiashara ndani ya biashara ya mwingine, na huwa na nambari za simu za wateja wote. Siku akihama, huhama nao.

Hakuna kufuli ya kuzuia hilo, lakini kuna njia za kulipunguza. Nambari za wateja ziandikwe katika kitabu cha saluni, mbali na simu ya msusi. Mteja ahudumiwe mara kwa mara na zaidi ya mtu mmoja ili asimzoee mmoja tu. Mgao ulipwe siku iliyokubaliwa bila kisingizio, kwa kuwa msusi anayedai fedha zake kila jioni ameshaanza kutafuta pengine.

Mambo haya yaandikwe. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka kandarasi ya kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe ya maandishi. Karatasi moja inayotaja mgao, saa za kazi, siku za mapumziko na atakayelipia bidhaa zikiharibika huepusha ugomvi mwingi.

Aliyeajiriwa rasmi kwa mshahara hukatwa michango ya Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), ya bima ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na ya nyumba za bei nafuu. Mwajiri naye huchangia katika NSSF na nyumba. Gharama hizo ziingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Usafi na dawa

Mteja akichomwa kichwa na dawa, habari humaliza mtaa kabla ya jioni. Dawa za kulainisha nywele zina kemikali kali zinazoweza kuunguza ngozi na kukata nywele. Mteja mwenye kidonda au aliyejikuna sana kichwani asitiwe dawa siku hiyo, hata akisisitiza. Ngozi ipakwe mafuta ya kinga, dakika zilizoandikwa kwenye mkebe zifuatwe, na dawa isirudiwe kabla ya wiki nane hivi.

Misuko inayokazwa mno nayo huvuta nywele hadi zikang'oka, hasa kwenye paji la uso na kando ya masikio. Mteja hufurahia misuko iliyokazwa kwa kuwa hukaa muda mrefu. Msusi mwaminifu humweleza madhara yake. Kwa watoto, uangalifu na uwe mara mbili.

Piko, ile rangi nyeusi inayotumiwa badala ya hina asilia, ina kemikali za kutia nywele rangi ambazo huwatoa baadhi ya watu malengelenge. Asiyewahi kuitumia ajaribiwe kwanza kwa tone dogo mkononi, na kusubiri siku mbili.

Vichana, brashi na taulo zinazopita kutoka kichwa kimoja hadi kingine hueneza mapunye na chawa. Wembe hueneza maradhi makubwa zaidi, yakiwemo homa ya ini aina ya B na virusi vya ukimwi. Kanuni ni moja: wembe mmoja kwa mteja mmoja, kisha utupwe mbele ya macho yake. Vifaa vingine vioshwe kwa sabuni na kulowekwa katika dawa ya kuua viini.

Leseni na kodi

Jina la biashara husajiliwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen. Kisha huhitajika leseni ya biashara kutoka kwa serikali ya kaunti, ambayo ada yake hutegemea kaunti yenyewe, mahali na ukubwa wa saluni. Maafisa wa afya ya umma pia huwa na mamlaka ya kukagua. Ni nafuu kuuliza ada hizo zote katika ofisi ya kaunti kabla ya kukodi chumba kuliko kuzisikia kutoka kwa askari wa kaunti aliyesimama mlangoni.

Kuhusu ushuru, Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 ilipandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3 kwa biashara ndogo zinazouza zaidi ya Sh1 milioni lakini zisizozidi Sh25 milioni kwa mwaka. Saluni ya mfano wetu, yenye mauzo ya Sh41,600 kwa mwezi, haifikishi Sh500,000 kwa mwaka. Hata hivyo, mwenye nambari ya PIN anapaswa kuwasilisha ripoti yake ya kila mwaka kwa Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA) kabla ya Juni 30 kupita.

Jambo jingine linalosahauliwa ni muziki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kuwapigia wateja muziki katika jengo la biashara ni kuutumia hadharani, na huhitaji leseni. Asiyetaka gharama hiyo mwanzoni na asiweke muziki.

Mikopo

Serikali imeanzisha hazina kadhaa ambazo kijana anaweza kuzitegemea. Hazina ya Maendeleo ya Biashara za Vijana ilianzishwa mwaka wa 2006, ile ya Wanawake mwaka wa 2007, nayo Hazina ya Uwezo ikazinduliwa mwaka wa 2013 ili kuvikopesha vikundi vilivyosajiliwa bila riba. Anayejiunga na kikundi mapema huwa amejiwekea mlango.

Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, hutoa mkopo wa mtu binafsi wa kuanzia Sh500 hadi Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, unaopaswa kulipwa katika siku 14. Muda huo ndio wa kuangaliwa zaidi ya riba.

Mkopo wa siku 14 hufaa kununulia nywele bandia za wikendi yenye harusi, kwa kuwa fedha zitarudi kabla ya siku hizo kwisha. Haufai kununulia kiti, kwa kuwa kiti hujilipa polepole kwa miezi mingi. Anayenunua kiti kwa mkopo wa wiki mbili atalazimika kukopa kwingine ili aulipe, na hapo ndipo kitanzi cha mikopo ya simu huanza kukaza.

Mali bila daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, fedha zimekuwa rahisi kupokewa na rahisi zaidi kupotea. Malipo ya wateja yakiingia katika simu ileile inayotumiwa kununua chakula na kumtumia mdogo wake karo, hakuna atakayejua saluni iliingiza nini.

Nambari ya malipo ya biashara iwe peke yake. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, yaandikwe mambo manne katika daftari la kawaida: wateja wangapi, waliolipa nini, wasusi walichukua nini, na kilichonunuliwa. Mwenye saluni naye ajiwekee mshahara, hata kama ni Sh200 kwa siku, na asiguse zaidi ya hapo.

Daftari hilo litamfunza majira ya biashara yake. Desemba wateja hupanga foleni hadi usiku. Januari, ambayo wengi huiita Njaanuari, karo na madeni huwaweka nyumbani. Asiyeweka kando sehemu ya mapato ya Desemba hujikuta bila kodi ya Februari.

Kwa yule ambaye bado hana mtaji wa kutosha, kuna njia ya kati. Anaweza kukodi kiti kimoja katika saluni ya mtu mwingine, au kuwasuka wateja majumbani mwao mwishoni mwa wiki. Hatalipa amana wala gudwili, na akikosa wateja, hasara itakuwa ya nauli tu.

Huo pia ndio mtihani mzuri kuliko mwingine wowote. Katika mfano uliotolewa, saluni yenye mmiliki anayesuka inahitaji huduma 73 kwa mwezi ili isipate hasara. Kabla ya kumkabidhi mwenye jengo akiba ya mama yake, kijana na achukue karatasi na kuandika majina ya watu ambao tayari amewasuka, wakamlipa na kurudi tena. Akifika 40, mengine yatapatikana kwa jitihada. Asipofika 10, fedha hizo na zibaki chamani kwanza, naye aendelee kusuka.